Mzigo Wetu Hushuka: Hatari za Barabara za Milimani na Wajibu wa Chama cha Msingi

Katibu wa chama cha msingi kilichoko milimani anapokwenda mjini kukodi lori la kusomba mazao, swali la kwanza analomwuliza mwenye gari huwa ni hili: je, litaweza kupanda? Mwenye gari hujibu kwa fahari kwamba injini yake haina hitilafu, kwamba gari limekwisha kupanda milima mikali kuliko huo, na mapatano hufungwa papo hapo. Swali hilo si baya. Lakini ni nusu ya swali, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye hatari.

Yafaa ndugu wanachama watafakari jinsi mazao yetu yanavyosafiri. Mboga na matunda ya Lushoto hushuka hadi Mombo ndipo yashike njia ya Tanga au Dar es Salaam. Viazi vya Matamba na vijiji vingine vya Makete hushuka hadi Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya na Iringa. Kahawa ya vihamba vya Kilimanjaro hushuka kwenda Moshi, na imekuwa ikishuka hivyo tangu kabla ya kuundwa kwa KNCU mwaka 1933. Kinachopanda ni kidogo: mifuko ya mbolea, saruji, mabati, chumvi na sabuni za dukani. Kwa hiyo lori la milimani hupanda likiwa tupu au karibu tupu, nalo hushuka likiwa limejaa. Injini hufanya kazi yake kubwa wakati mzigo ni mwepesi. Breki hufanya kazi yake wakati mzigo ni mzito. Swali la pili ambalo Katibu hana budi kuliuliza ni kama gari hilo litaweza kushuka.

Tuchukue barabara ya Mombo hadi Lushoto kuwa mfano. Reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo Mombo imekuwa mlango wa Usambara Magharibi. Kutoka hapo hadi Lushoto, kupitia Soni, ni kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo mfupi barabara hupanda takriban mita 1,000. Imetiwa lami, lakini ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima juu ya bonde, na kona zake ni nyingi hata dereva mgeni huchoka mikono. Na hiyo ndiyo barabara iliyo nzuri. Vijia vya udongo mwekundu vinavyoiunganisha na mashamba ndivyo mazao yanakotoka, na ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa maana havina lami, havina kingo za mawe, na baadhi yake vilianza kama njia za miguu zikapanuliwa kwa jembe na sururu.

Huko Chimala jina la mahali latosha kueleza habari yake. Wenyeji huiita njia ya kwenda Matamba Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona kali zinazopindana kutoka bonde la Usangu kuelekea uwanda wa juu wa Kitulo. Lori refu mara nyingi haliwezi kuikata kona ya namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Huenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele tena, na kila linaporudi nyuma gurudumu la nyuma hukaribia ukingo. Ongeza ukungu wa asubuhi, ambao katika nyanda hizo huweza kuficha barabara yote isipokuwa hatua chache mbele ya taa, na msomaji ataelewa kwa nini madereva wazoefu hukataa kuondoka kabla ya jua kuchomoza vizuri.

Sasa natueleze kinachotokea ndani ya magurudumu. Tuseme lori pamoja na mzigo wake lina uzito wa tani 10, nalo lashuka mita 1,000. Nguvu ya mshuko huo haiwezi kupotea bure. Isipozuiwa, hugeuka kuwa mwendo, na gari hukimbia hadi lipinduke. Ikizuiwa kwa breki peke yake, karibu yote hugeuka kuwa joto. Kwa hesabu, joto hilo latosha kuchemsha lita 290 hivi za maji baridi, yaani madebe 14 ya lita 20 na ziada. Madebe 14 ya maji yanayochemka, na moto wake wote umewashwa ndani ya dramu chache za chuma zilizofichwa nyuma ya matairi! Ni kweli kwamba sehemu ya joto huchukuliwa na upepo, lakini gari lishukalo polepole kwenye kona halipati upepo mwingi.

Chuma kipatacho joto hutanuka. Dramu ya gurudumu inapotanuka hujitenga na vile vipande vinavyoibana kwa ndani, na dereva hulazimika kukanyaga zaidi ili apate breki ile ile. Vipande vyenyewe, vikipata joto kupita kiasi, huanza kuteleza badala ya kushika. Hapo ndipo watu waliokaa nyuma husikia harufu ya kuungua na kuona moshi mwembamba ukitoka magurudumuni. Kwa magari yanayotumia mafuta ya breki kuna hatari nyingine. Mafuta hayo hunyonya unyevunyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yaliyozeeka huchemka upesi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Pedali huzama hadi chini na gari haliitiki. Magari makubwa yenye breki za upepo hayana ugonjwa huo wa mafuta, lakini yana wake: dereva anayekanyaga na kuachia mara nyingi mfululizo humaliza upepo uliomo ndani ya mtungi kabla injini haijajaza mwingine.

Dawa inajulikana kwa kila dereva aliyefundishwa, nayo ni kuiachia injini kazi ya kulizuia gari. Gia itumikayo kupanda mlima fulani ndiyo, kwa kawaida, itumike kuushuka, na iingizwe kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake. Dereva akijaribu kurudisha gia wakati gari limekwisha kushika kasi, aghalabu hushindwa kuiingiza, na hubaki bila gia yoyote. Baya kuliko hilo ni ile desturi ya kuteremka gia ikiwa huru, au kuzima injini kabisa, kwa madai ya kuokoa mafuta. Injini iliyozimwa haiongezi upepo wa breki, haisaidii usukani, wala haizuii chochote. Lita moja au mbili za dizeli zinazookolewa hapo zinawekwa katika mizani moja na maisha ya watu.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya makatibu. Vyama vingi hulipa lori kwa safari. Dereva anayelipwa kwa safari hutaka safari mbili kwa siku mahali penye nafasi ya moja, naye ataipata ile ya pili kwa kushuka usiku au kwa kushuka haraka. Tukimlaumu kwa mwendo wake na huku sisi ndio tuliomlipa kwa mwendo, lawama hiyo ina kasoro. Mkataba wa kukodi lori milimani ungefaa utaje saa ambayo gari halitaondoka kabla yake wala baada yake, na uweke malipo ya siku ya kungoja endapo mvua itafunga njia, ili dereva asione kwamba kungoja ni kujinyima.

Suala la uzito lina mizizi yake katika jambo ambalo wanaushirika wamelipigia kelele miaka mingi, yaani lumbesa. Tumezoea kuiona lumbesa kama wizi wa kipimo: mnunuzi hulipa bei ya gunia la kilo 100 na kuchukua zaidi, mkulima akapunjwa. Hayo ni kweli. Lakini mzigo wa lori milimani huhesabiwa kwa magunia. Lori la tani 7 likipakiwa magunia 70 ya kilo 100, limebeba haki yake. Magunia hayo hayo 70 yakiwa ya lumbesa yenye kilo 130 kila moja, limebeba tani 9 na kilo 100, na hakuna mtu aliyeandika popote kwamba limezidishiwa. Juu ya hayo, gunia lililojazwa hadi likavikwa kilemba halilali sawasawa juu ya jingine. Rundo hupanda, kitovu cha uzito hupanda nalo, na kwenye kona mzigo huegemea upande wa nje. Breki zilizotengenezwa kwa tani 7 sasa zazuia tani 9, na springi za upande mmoja hubeba kuliko za upande wa pili.

Na juu ya mzigo huo hukaa wanachama wetu. Mkulima huona ni haki yake kufuatana na kabichi zake hadi sokoni, na pengine hana nauli ya basi, au basi halifiki kijijini kwake. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukuta, katika mteremko mmoja wa udongo, lori la kabichi limejikita kwenye ukuta wa mlima upande wa ndani wa barabara. Dereva alieleza kwamba pedali ilizama kama mguu uzamavyo matopeni, naye akachagua kuugonga mlima badala ya kungoja kona iliyofuata. Alifanya sawa, na hivyo ndivyo dereva yeyote aliyepotewa na breki apaswavyo kufanya mapema, kabla kasi haijawa kubwa. Watu 4 waliokuwa juu ya mzigo walirushwa kwenye udongo. Mmoja alivunjika mkono. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na vilele vya migomba, na chini ya migomba hiyo hapakuonekana kitu. Katibu wa chama kilichopakia mzigo aliulizwa ni nani waliokuwa wamepanda. Hakuwa na orodha, kwa sababu katika karatasi zake gari lilibeba kabichi tu.

Mpaka hapa tumezungumzia gari. Barabara nayo ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni maji. Barabara ya mlimani hutengenezwa kwa kukata ubavu wa mlima na kuutupa udongo uliokatwa upande wa bonde. Kwa hiyo nusu ya ndani ya barabara hukaa juu ya ardhi ya asili iliyoshikamana, lakini nusu ya nje mara nyingi hukaa juu ya udongo wa kumwagwa. Mtu apitaye kwa miguu haoni tofauti. Lori lenye mzigo huiona, hasa baada ya mvua ya siku tatu, udongo ule ukiisha kulowa na kulegea. Ndiyo maana ukingo wa nje hukatika ghafla chini ya gurudumu hata mahali palipoonekana pazima asubuhi hiyo hiyo.

Maji yaletwayo na mlima hupokelewa na mtaro wa upande wa ndani, yakapelekwa hadi kwenye karavati, yakavuka chini ya barabara na kumwagwa bondeni mahali penye mawe. Huo ndio utaratibu wote, na ukifuatwa, barabara ya udongo huweza kudumu. Mtaro ukizibwa na udongo ulioporomoka, au na mkulima aliyeweka magogo ili avushe punda wake kwenda shambani, maji hupanda barabarani. Huko hutafuta mteremko, hufuata njia ya matairi, na mahali yaamuapo kuvuka hukata korongo kwenye ukingo wa nje, ule ule ulio dhaifu. Katika milima ya kaskazini mashariki jambo hili hutokea mara mbili kwa mwaka, wakati wa vuli na wakati wa masika. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu, na uharibifu wake hujilimbikiza bila pumziko.

Watu wengi hudhani greda ndiyo dawa. Greda peke yake, bila mitaro, huweza kuongeza madhara. Kila mwaka hukwangua udongo na kuusukuma pembeni, na baada ya miaka kadhaa barabara huwa chini kuliko kingo zake zote mbili, kama mfereji. Maji hayana tena pa kutokea. Kuna vijiji ambako wazee hukumbuka kutembea barabarani wakiyatazama mashamba kwa chini, na leo wajukuu wao hupita hapo hapo wakiyatazama kwa juu.

Kuhusu ukingo wa nje kuna jambo la kujifunza kutoka mbali. Huko Bolivia, Marekani ya Kusini, barabara ya kutoka La Paz kwenda Coroico, katika nchi ya Yungas, ilijulikana kwa miaka mingi kuwa mbaya kuliko zote duniani. Sehemu yake ilichongwa na mateka wa Paraguay waliotekwa katika vita vya Chaco vya miaka ya 1932 hadi 1935. Nayo, kama zetu, ilishusha mazao ya wakulima na watu wao pamoja. Mwaka 1983 basi moja lilitumbukia bondeni na abiria zaidi ya 100 wakafa. Magari mengi yaliondokana na njia hiyo pale barabara mpya ilipofunguliwa mwaka 2006. Magari ya Bolivia hupita upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Lakini katika barabara ile iliwekwa kanuni ya kupita upande wa kushoto, na gari lishukalo lilipaswa kukaa ukingoni na kulipisha lipandalo. Mgeni angeshangaa kwa nini hatari yote apewe mwenye kushuka. Sababu ni kwamba dereva wake, akiwa ameketi kushoto juu kabisa ya ukingo, aliweza kuchungulia dirishani na kuliona gurudumu lake likikanyaga wapi.

Sisi hupita kushoto, na dereva wetu huketi kulia. Bonde likiwa mkono wa kushoto, dereva wetu yuko mbali na ukingo kuliko mtu yeyote ndani ya gari, na hawezi kuliona gurudumu lililo hatarini. Mtu awezaye kuliona ni utingo. Kwa hiyo kazi ya utingo katika kupishana si kupiga kelele akiwa juu ya magunia. Ashuke, asimame mbele ya gari upande wa ndani, mahali dereva anapomwona, aupime ukingo kwa macho na kumwongoza kwa mkono. Awe pia na gogo la kuzuia gurudumu la nyuma kila gari lisimamapo. Siku hizi simu ya mkononi husaidia: gari liko juu, dereva huuliza walio chini kama kuna jingine linalopanda, na moja hungoja mahali palipo papana. Katika vijiji vingine desturi hii imekwisha kuota bila kuagizwa na mtu.

Si kila zao linadai kuvuka barabara mbovu. Kahawa iliyokaushwa vizuri huweza kungoja ghalani juma zima bila hasara kubwa, na viazi visivyochimbwa huweza kukaa ardhini kwa muda. Nyanya na mboga za majani haziwezi. Kamati ya chama ingefaa ikubaliane mapema, kabla ya msimu, ni zao gani litakalosimamishwa mvua inaponyesha na ni lipi litakalopewa nafasi ya kwanza njia inapofunguka, ili Katibu asilazimike kuamua peke yake getini huku wanachama wakimzunguka kwa maneno.

Kuhusu matengenezo, barabara za wilaya na vijiji tangu mwaka 2017 zimo chini ya TARURA, na karavati lililobomoka si kazi ya chama. Kuzibua mtaro, hata hivyo, ni kazi ya majembe na nusu siku, na katika milima ya Pare, Usambara na Kilimanjaro neno msaragambo halihitaji kuelezwa. Siku moja kabla ya vuli na moja kabla ya masika, wanachama wakianzia juu na kushuka, yatosha kwa sehemu kubwa ya barabara ya kijiji. Waanze juu, kwa kuwa mtaro uliozibuliwa chini tu hujazwa tena na udongo wa juu katika mvua ya kwanza. Udongo unaotolewa usitupwe ukingoni mwa nje, ambako utazidi kuulemea, bali uzibe mashimo katikati.

Yale yanayozidi uwezo wa jembe yaandikiwe barua. Barua isemayo kwamba barabara yetu ni mbovu sana haimsaidii mhandisi, kwa maana anazo za namna hiyo nyingi. Itaje jina la kilima, umbali kutoka ofisi ya chama, kama kilichoharibika ni karavati, mtaro au ukingo, upana uliobaki kwa hatua za miguu, na idadi ya magunia yaliyopita hapo msimu uliopita, ambayo Katibu anayo katika daftari lake. Iambatanishwe na picha iliyopigwa wakati wa kiangazi, mtu akiwa amesimama kando ya palipobomoka ili ukubwa wake uonekane, na nakala ibaki katika jalada la chama pamoja na tarehe iliyopokelewa.